Programu Yangu Ilisema Mjusi Anakula Sukuma Wiki

Kwanza niombe radhi kwa kimya kirefu. Niliahidi kwamba makala yangu ijayo itahusu jinsi ya kuhifadhi nakala za hifadhidata, na najua kuna wanaoisubiri. Ipo, itakuja. Leo naomba niwasimulie kisa kingine, kisa cha mjusi, mtoto wa miaka 9, na programu ya mistari kama 80 hivi ambayo nusura iue kiumbe cha Mungu hapa nyumbani kwangu Voi. Msianze kucheka kabla sijamaliza.

Kisa chenyewe kilianzia mbali. Nina binamu yangu anayeishi Leicester, Uingereza. Kule watu hufuga vitu ambavyo huku tungevifukuza kwa ufagio, na yeye anafuga mjusi. Si huyu wa ukutani. Ni mjusi wa Australia, mnene, mwenye miiba laini shingoni, ambaye wazungu humwita joka mwenye ndevu. Jina lake la kitaalamu ni Pogona vitticeps, nami nitamwita pogona ili tusichoke.

Mwaka jana binamu aliniandikia kwa WhatsApp akilalamika kwamba mjusi wake amegoma. Alipokuwa mdogo alikuwa akila wadudu tu, na hilo ni sawa, kwa sababu pogona mchanga anahitaji wadudu kwa wingi ili akue. Lakini akishakuwa mtu mzima, sehemu kubwa ya chakula chake inafaa iwe majani. Huyu wa binamu yangu alikuwa ameshakua, na kila akiwekewa majani anayatazama kama mtoto anayetazama dawa ya minyoo. Akiona funza, anaruka. Binamu akaniuliza, "Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta? Nitengenezee hesabu ya chakula."

Sasa mimi nikiambiwa neno "hesabu" siwezi kulala. Nilifungua lahajedwali nikaanza kusoma.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba kwa mjusi anayekula majani, swali kubwa ni la kalsiamu na fosforasi. Madini haya mawili yanahitaji kuingia mwilini kwa uwiano, na wataalamu wengi wanashauri kalsiamu iwe kama mara 2 ya fosforasi. Fosforasi ikizidi kwa muda mrefu, mwili huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yenyewe. Taya linalegea, miguu inapinda, mnyama anatetemeka. Wadudu wengi wanaofugwa kwa ajili ya mijusi, kama nyenje, wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ndiyo maana wafugaji huwanyunyizia unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa.

Basi nikachukua takwimu za vyakula za Wizara ya Kilimo ya Marekani, nikapanga mboga tunazozijua. Hizi ni miligramu katika kila gramu 100 za mboga mbichi, kalsiamu kwanza, halafu fosforasi:

Sukuma wiki: 232 na 25
Mchicha: 215 na 50
Majani ya kunde: 63 na 9
Karoti: 33 na 35
Letasi ile ya duara: 18 na 20
Nyanya: 10 na 24
Ndizi mbivu: 5 na 22

Hebu tazameni mstari wa kwanza. Sukuma wiki! Mboga tunayoila hadi tunaionea aibu mbele ya wageni, kumbe ndiyo inayosifiwa na wafugaji wa mijusi duniani. Kalsiamu yake ni zaidi ya mara 9 ya fosforasi. Niliona fahari kama vile nimeigundua mimi.

Mchicha nao una namba nzuri, ila kuna mtego. Mchicha, spinachi na majani ya bitiruti vina oksaleti nyingi, ambayo huishika kalsiamu tumboni ikatoka nayo bila kuingia mwilini. Namba kwenye jedwali ni kubwa, lakini mnyama hapati yote. (Kumbukeni hili la namba nzuri ambazo hazifiki tumboni. Tutalirudia.) Hata sukuma si ya kulishwa peke yake mwaka mzima, kwa kuwa yeye ni wa ukoo wa kabichi, na ukoo huo ukizidi unaweza kuisumbua tezi ya shingo. Kwa hiyo mchanganyiko ni bora: sukuma kama msingi, majani mengine yakibadilishwa, boga kidogo kwa rangi na utamu. Parachichi usimpe kabisa, lina sumu kwa wanyama wengi.

Kuhusu kugoma, binamu alijaribu mambo manne. Alianza kuweka majani asubuhi, mjusi akiwa na njaa, na wadudu jioni tu, tena si kila siku. Alikata majani vipande vidogo vinavyolingana na upana wa kati ya macho ya mjusi. Aliyanyunyizia maji yang'ae. Na aliweka funza wachache katikati ya majani ili wayatikise, maana jicho la mjusi hufuata kitu kinachotikisika. Haikupita wiki ya tatu, mjusi akameza kipande cha jani kwa bahati mbaya akiwinda funza. Baada ya hapo akazoea. Leo anakula bakuli zima.

Binamu alinitumia video, akaandika, "Asante daktari wa mijusi." Na hapo ndipo kichwa changu kilipovimba.

Haya, turudi Voi.

Agosti, shule zikiwa zimefungwa, dada yangu aliyeko Mombasa alimpandisha mwanawe treni ya Madaraka Express akaja kukaa nami. Mimi hufanya kazi nyumbani, mteja wangu yuko nchi nyingine, kwa hiyo kutwa nzima niko mbele ya kompyuta na feni. Mtoto alichoka kunitazama nikibonyeza vitufe. Siku ya tatu akaingia na ndoo ya rangi iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Mjomba, nimeshika mmoja."

Ndani alikuwamo yule mjusi wa mawe ambaye kila mtu wa Voi anamjua, dume lenye kichwa cha rangi ya machungwa na mwili wa buluu, anayepiga pushapu juu ya mawe kama askari wa mazoezi. Ukienda Tsavo Mashariki unamkuta kwenye kila jabali, na kwenye hoteli za mbugani anakimbia hadi chini ya meza za wageni. Jina lake la kitaalamu ni Agama lionotus. Mtoto alimbatiza "Matatu" kwa sababu ya rangi zake.

Mtu mzima mwenye busara angesema, "Mwanangu, mrudishe." Mimi nilisema, "Subiri, najua kabisa chakula chake."

Nilichukua kreti ya plastiki, nikaifunga wavu juu, nikaweka mawe na mchanga, nikaisogeza dirishani ili apate jua. Nikampima kwa mizani ya jikoni: gramu 54. Halafu nikaandika programu. Wazo lilikuwa jepesi. Saa 1 asubuhi tunapima sukuma iliyokatwakatwa, tunaandika uzito kwenye simu. Saa 12 jioni tunapima iliyobaki. Programu inatoa ya jioni kwenye ya asubuhi, tofauti ndiyo aliyokula. Inaweka kwenye hifadhidata ya SQLite, inachora grafu ya kijani. Pale juu ikaandika: LEO MATATU AMEKULA GRAMU 4.

Siku ya kwanza gramu 4. Siku ya pili gramu 3. Siku ya tatu gramu 4. Nilimtumia binamu grafu. Nikamwambia huyu wa Voi hana hata maringo, amezaliwa na sukuma.

Siku ya nne mtoto akaniambia, "Mjomba, Matatu hali."

"Anakula, tazama grafu."

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Hajagusa."

"Labda anakula ukienda chooni."

Akanyamaza. Siku ya sita akarudi. "Mjomba, mbona hanyi?" Nilimwambia wanyama wengine huchelewa kuzoea mahali papya. Ilikuwa kweli, na lilikuwa jibu la mtu asiyetaka kuinuka kwenye kiti. Ubaya wa mijusi ni kwamba wanaweza kukuficha njaa yao. Hawachomi chakula kupasha mwili joto kama sisi, wanatumia la jua, kwa hiyo mjusi huvumilia siku nyingi ambazo ndege wa uzito uleule angekuwa ameshakufa. Anakaa kimya tu, rangi zinafifia. Matatu alikuwa amefifia. Kichwa kile cha machungwa kilikuwa kahawia. Nilimwambia mtoto ni kivuli.

Siku ya tisa nilishuka kwa mama mboga ninayenunua kwake kila siku, mama wa makamo ambaye mboga zake huteremka kutoka Wundanyi alfajiri. Aliniuliza kwa nini siku hizi nanunua majani mawili mawili kama mtu anayelisha sungura mgonjwa. Nikamweleza yote, mjusi, mizani, programu. Alinisikiliza huku akinyunyiza maji kwenye mafungu yake kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko.

Akasema, "Mwanangu, hiyo sukuma yangu mimi nikiiacha saa sita bila maji inapungua nusu. Nayo inaliwa na mjusi gani?"

Nilisimama pale na majani yangu mawili mkononi.

Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Nimesoma takwimu mihula miwili. Mama yule alikuwa akinyunyiza maji mbele ya macho yangu kila siku, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sukuma mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Ukiikata vipande unaifungulia milango mingi zaidi ya kukauka. Ukiiweka dirishani Voi, mahali ambapo saa nane mchana hata mbwa hatembei, inakauka upesi. Programu yangu haikupima chakula alichokula Matatu. Ilipima jua.

Nilirudi nyumbani mbio. Nikampima: gramu 47. Kwa mujibu wa hifadhidata, katika siku 9 alikuwa amekula gramu 31 za sukuma, zaidi ya nusu ya uzito wake. Kwa mujibu wa mizani, alikuwa amepungua gramu 7. Namba hizo mbili zilikuwa zinapigana tangu wiki ya kwanza, na zote mbili nilikuwa nazo. Ila uzito wa mjusi nilipanga kuupima "mwisho wa mwezi", kwa sababu grafu ya chakula ilikuwa inapendeza.

Mtoto alikuwa amekaa palepale karibu na kreti. Hakuniambia "nilikuambia". Alisema, "Mjomba, njoo uone." Sisimizi mmoja alikuwa amepanda juu ya kipande cha sukuma iliyokauka. Matatu, ambaye kwa siku 9 hakuonyesha kuona chochote, aliinua kichwa, akatoa ulimi, sisimizi akapotea. Jani halikutikisika hata kidogo.

"Hataki sukuma," mtoto akasema. "Anataka wadudu."

Jioni ile tulitoka na tochi na mfuko, tukashika panzi nyuma ya nyumba. Matatu alikula sita mfululizo. Sisi tunaoandika programu huziita hitilafu zetu "wadudu", na mimi nilicheka peke yangu gizani, kicheko cha mtu mwenye haya.

Usiku ule ndipo nilipofanya kazi ambayo ingekuwa ya kwanza, kusoma habari za mjusi huyu na si za mjusi wa binamu yangu. Agama ni mla wadudu. Sisimizi, mchwa, mbawakawa, panzi. Mara mojamoja hung'ata ua au kipande cha jani, lakini hawezi kuishi kwa hayo. Na kumbe yeye ndiye wa kawaida. Mijusi wanaoishi kwa majani ni wachache mno, chini ya asilimia 3 ya aina zote zinazojulikana.

Sababu inaeleweka ukiifikiria. Jani limejengwa kwa selulosi, na mjusi peke yake hawezi kuivunja. Anahitaji vijidudu tumboni vimfanyie kazi hiyo, anahitaji utumbo mkubwa wa kuwatunza, na anahitaji joto jingi ili uchachukaji uendelee. Iguana wa kijani wa Amerika ana vyumba maalumu kwenye utumbo mpana kwa ajili hiyo, na watoto wake wakishaanguliwa hupata vijidudu hivyo kwa kula kinyesi cha wakubwa. Wasomaji wangu mlioko Oman mnamfahamu dhab, yule mnene wa jangwani mwenye mkia wa miiba. Yeye pia ni mla majani, na maji yake mengi anayapata humo humo kwenye mimea. Huku kwetu anayefaa kuitwa mla majani ni kobe. Kinyonga yule wa pembe mbili wa milima ya Taita, Kinyongia boehmei, ambaye hapatikani porini mahali pengine popote duniani, ni mla wadudu pia. Ukimwona kwenye ua la majani huko Wundanyi, hakuja kula ua.

Kwa hiyo Matatu hakuwa mchaguzi hata kidogo. Wa pogona ndiye alikuwa mchaguzi, kwa sababu alikuwa na tumbo la kula majani akakataa. Matatu hakuwa na la kuchagua. Nilichukua suluhisho lililoandikwa kwa ajili ya mashine nyingine, nikalibandika kwenye yangu bila kusoma, kwa sababu kule lilifanya kazi. Mara ngapi nimemkemea mwanafunzi wa mazoezi kwa kosa hilohilo?

Na si hilo tu. Nilisoma pia kwamba miale ya jua inayomsaidia mjusi kutengeneza vitamini D, na vitamini D ndiyo inayoingiza kalsiamu mwilini, haipiti kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Ile "nafasi ya jua" niliyompa ilikuwa joto tu. Hata angekula sukuma yote na kalsiamu yake yote, kwa muda mrefu isingemfaa sana.

La mwisho ndilo lililonifanya nisilale. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Nilijua hilo kuhusu simba na kobe. Sikuwahi kulifikiria kuhusu mjusi wa nyuma ya nyumba. Na msidhani udogo ni kinga. Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu 4 faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kushika na kutaka kusafirisha sisimizi. Sisimizi! Hao wao walikuwa watu wazima wenye maelfu ya malkia kwenye vichupa, si mtoto mwenye ndoo, lakini mtu mzima aliyepaswa kumwambia mtoto ukweli nilikuwa mimi.

Asubuhi nilimwita. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu, nikaishia kusema, "Niliamini kompyuta kuliko macho yako. Nisamehe."

Akafikiri kidogo. "Kwani kompyuta ilimwona?"

Hapana. Haikumwona. Iliona namba mbili kwa siku, ikatoa moja kwenye nyingine. Neno "amekula" niliandika mimi.

Tulimpeleka Matatu kwenye mawe yaleyale mtoto alikomtoa. Alikaa kama dakika moja akipata joto, halafu akapiga pushapu mbili, akaingia kwenye ufa. Mtoto alilia kidogo, akajifanya ni vumbi. Nami nilijifanya nimeamini.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo lingechukua siku moja tu mwanzoni. Kreti ikiwa tupu, niliweka bakuli la sukuma palepale dirishani, bila mjusi. Safari hii sikupima mara mbili kwa siku. Niliagiza kihisi cha uzito kutoka Nairobi pamoja na kile kipande kidogo cha HX711 kinachokisoma, nikakiunganisha na ESP32, kikapima kila dakika. Jioni nikachora grafu. Gramu 4 zilikuwa zimepotea, sawasawa na "chakula" cha Matatu.

Lakini lililonivutia zaidi lilikuwa umbo la mstari. Ulishuka taratibu, polepole asubuhi, kasi zaidi mchana, polepole tena jioni. Mteremko laini. Mnyama hali hivyo. Mnyama anang'ata, anaacha, anarudi. Grafu ya mlaji ni ngazi, ya jua ni mteremko. Mimi nilikuwa na pointi mbili tu, na kati ya pointi mbili unaweza kuchora hadithi yoyote unayoipenda. Nilichora niliyoipenda.

Tangu wakati huo nina kanuni mbili kwenye kazi yangu, na nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Ya kwanza: kabla ya kuamini kipimo chochote, weka bakuli lisilo na mjusi. Wiki iliyopita tu iliniokoa. Mteja alifurahi kwamba mabadiliko fulani yameharakisha mfumo wake. Tukapima ile seva nyingine ambayo haikuguswa, nayo ilikuwa imeharakika vilevile. Watumiaji walikuwa likizoni tu.

Ya pili: usiipe safu ya hifadhidata jina la kitu ambacho hukukipima. Safu yangu iliitwa "amekula". Ingeitwa "uzito uliopungua", ningejiuliza siku ya kwanza umepungua kwa nini.

Kwa mlioko ughaibuni mnaofuga pogona, yale ya sukuma yote yanasimama, yatumieni: asubuhi, vipande vidogo, maji juu, wadudu wachache katikati. Mpime mjusi mwenyewe kila wiki, si bakuli tu. Na kama nje kuna vimulimuli, msimpe kamwe, wapo wa Marekani ambao mmoja tu anaweza kumuua. Kwa mlioko Voi, Mwatate, Wundanyi au popote huku nyumbani, mjusi wetu muacheni kwenye jiwe lake. Chakula anakijua.

Mtoto alipata kazi nyingine likizo iliyobaki. Nilimpa daftari na simu yangu ya zamani, akawa anakaa umbali wa hatua kumi kutoka kwenye mawe kila asubuhi, akihesabu. Picha tulizipandisha kwenye iNaturalist, tovuti ambapo watu wa dunia nzima huweka picha za viumbe walivyoviona na wajuzi wakathibitisha majina. Daftari lake halikuwa na grafu. Lina mistari kama hii: "Saa 2. Dume. Amekula sisimizi 11. Nimeona."

Hilo neno la mwisho aliliandika kwenye kila mstari. Sikumfundisha mimi.

Amesharudi Mombasa sasa, shule zimefunguliwa. Jana amenipigia kwa simu ya mamake kuuliza kama Matatu bado yuko. Nilimwambia nimemwona. Akaniuliza, "Umemwona kwa macho, Mjomba, au kwa kompyuta?"

Kwa macho, nikamjibu. Kichwa kimerudi rangi ya machungwa.

Basi kwa leo naishia hapa. Ile makala ya nakala za hifadhidata inakuja, naahidi. Mkae salama, na sukuma zenu mzinyunyizie maji.